Bima ya pikipiki kwa msafiri anayetoka Nairobi kuvuka mipaka

Cheti cha bima kinachomwezesha mtu kuendesha pikipiki yake kutoka Westlands hadi Kitengela kimetolewa kwa mujibu wa Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, yaani sheria ya bima ya lazima ya vyombo vya moto, na kazi yake ya kisheria inaishia Namanga, Busia au popote atakapovukia. Ng'ambo ya mpaka kuna sheria nyingine na askari wengine, na ajali ikitokea, aliyeumia atadai fidia kwa sheria za nchi yake. Kwa hiyo, kabla ya kushughulikia matairi na mabegi, msafiri apange bima yake nchi kwa nchi, kwa kufuata njia halisi atakayopita.

Kwa sehemu kubwa ya njia za kutoka Nairobi, chombo kinachotumika ni Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliyoanza kutumika mwaka 1987. Kadi hii hutambuliwa Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo ya Kinshasa, Ethiopia, Malawi, Zambia na Zimbabwe, na vilevile Tanzania, ambayo ilijitoa COMESA lakini ikabaki katika mpango wa kadi. Haiuzwi kama bima inayojitegemea: ni nyongeza ya bima uliyo nayo tayari, na huombwa kwa kampuni ileile iliyokukatia bima ya nyumbani. Jambo hili ndilo huwaponyoka wengi. Bima ya nyumbani ikiisha tarehe 10 nawe ukiwa Mbeya, kadi nayo imekufa, hata kama ulikusudia kurudi tarehe 25. Ikiwa muda uliobaki hautoshi safari nzima pamoja na siku za dharura, ongeza bima kwanza, kisha uombe kadi.

Unapokwenda kuiomba, chukua kitabu cha umiliki wa pikipiki, kitambulisho na leseni, na uwe na orodha ya nchi zote utakazopita, zikiwemo zile unazodhani utazipita kwa siku moja tu, kwa kuwa kadi hufanya kazi katika nchi zilizoruhusiwa juu yake, si kwingineko. Kisha isome papo hapo kaunta. Niliwahi kufika mpakani na kadi iliyokosewa tarakimu moja ya namba ya chasi. Kosa lilikuwa la karani, lakini aliyekaa juani nusu siku akisubiri marekebisho ni mimi. Linganisha namba ya usajili, ya chasi na ya injini na zile zilizo kwenye kitabu. Ikiwa pikipiki bado ina mkopo na jina la benki au SACCO limo kitabuni, omba barua ya idhini ya kuitoa nje ya nchi. Angalia pia aina ya matumizi, kwani bima ya matumizi binafsi haimfai mtu anayebeba abiria wa kulipa, na kampuni ikigundua hivyo wakati wa madai itakuwa na sababu ya kukataa.

Ni muhimu kuelewa kwamba kadi humlinda yule utakayemdhuru, kwa kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria ya nchi uliyomo. Pikipiki yako ikiibwa nje ya nyumba ya wageni huko Arusha, kadi haitakulipa hata shilingi. Kwa hasara hiyo unahitaji bima kubwa, ile inayolinda pia pikipiki yako mwenyewe, ambayo mkataba wake unataja kwa maandishi nchi unazokwenda; neno la wakala kwenye simu halitoshi. Mwili wako nao ni suala la tatu. Kadi hugusia gharama za matibabu ya dereva na abiria, lakini mwendesha pikipiki hana bati la kumkinga, na mimi singeondoka bila bima ya afya ya safari inayokubali waziwazi waendesha pikipiki, tena inayolipia kurudishwa Nairobi kwa ndege. Baadhi ya mikataba huwatenga wenye injini kubwa, kwa hiyo taja ukubwa wa injini yako kabla ya kulipa.

Kusini mwa Zambia na Zimbabwe utaratibu hubadilika. Msumbiji utanunua mpakani bima ya mtu wa tatu, yaani ya yule utakayemdhuru. Afrika Kusini ina mfuko wa ajali za barabarani unaochangiwa kupitia tozo ya mafuta, kwa hiyo kila anayejaza tangi amechangia. Hata hivyo mfuko huo hulipia majeraha na vifo, si gari la mtu ulilolikwaruza. Kwa mali ya wengine huko, tafuta bima ya ziada.

Ajali ikitokea, usikubaliane malipo kando ya barabara wala kukiri kosa kwa maandishi. Piga picha, andika namba za magari na za mashahidi, ripoti polisi na usiondoke bila hati yao. Tanzania, majeruhi huhitaji fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu, hivyo iombe mapema. Kisha wasiliana na ofisi ya Kadi ya Njano ya nchi hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoshughulikia madai ya mtu wa tatu kwa niaba ya kampuni yako, na siku hiyohiyo iarifu kampuni yenyewe Nairobi kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya hati ya polisi.