Kuingiza uhamaji wa jodari kwenye modeli ya tathmini

Katika modeli ya tathmini, yaani hesabu ya kukadiria wingi wa samaki baharini, mimi huanza na kanda mbili tu, magharibi na mashariki, hata kama ramani ya Bahari ya Hindi inatamanisha kuchora nne. Kwa kila robo mwaka, andika sehemu ya jodari wanaobaki na wanaohama: tuseme 0.9 wabaki magharibi, 0.1 waende mashariki. Jumla ya kila mstari (yaani ya samaki wa kila kanda wanakotoka) iwe 1, la sivyo samaki wanapotea kwenye hesabu bila kuvuliwa.

Kasheshe ni alama, yaani vitambulisho wanavyowekewa samaki ili wavuvi wakiwavua wavirudishe na uhamaji ujulikane. Zile za 2005–2007 ziliwekwa zaidi kwa samaki wa karibu na pwani ya Tanzania, na samaki huchelewa kuchanganyika na wenzao; ruka alama zilizorudishwa katika robo za mwanzo baada ya kuwekwa. Alama isiyorudishwa nayo haithibitishi kwamba samaki hakuhama. Pengine meli za kanda alikohamia haziripoti alama zinazozipata! Kadiria kwanza kiwango cha kuripoti kwa kila aina ya meli.