Njaa kwanza, homoni baadaye: jinsi ya kupima kazi ya kipokezi cha estrojeni kwenye seli za MCF-7

Wanafunzi wa uzamili wanaokuja kwenye meza yangu ya maabara huwa na haraka ya kumwaga homoni. Nawaambia wairudishe friza. Jaribio hili huamuliwa siku tatu kabla, pale seli zinaposhindishwa njaa ya homoni.

Kipokezi cha estrojeni hukaa ndani ya kiini cha seli. Estradioli, aina kuu ya estrojeni, ikifika, kipokezi hubadili umbo, huungana wawili wawili, hushika DNA na kuita protini nyingine zinazowasha jeni. MCF-7, seli zilizotoka kwenye maji ya kifua ya mgonjwa wa saratani ya matiti huko Michigan mwaka 1970, zina kipokezi hicho tele, na hukua kwa kukitegemea.

Shida ni kwamba midia ya kawaida, yaani maji ya lishe ya kukuzia seli, tayari ina homoni. Seramu ya ndama inayo. Hata ile rangi nyekundu ya fenoli, tunayoitazama kujua kama midia imechacha, huamsha kipokezi. Hilo liliripotiwa mwaka 1986, na wakati huo watu walikuwa wamekuza seli kwenye rangi hiyo miaka na miaka! Tumia midia isiyo na rangi pamoja na seramu iliyoondolewa homoni kwa mkaa, asilimia 5, na uibadilishe kila siku kwa siku tatu. Seli zitapunguza kasi, usishtuke, hazijafa. Jihadhari pia na plastiki: mwaka 1991 ilionekana kwamba mirija ya polistireni ilikuwa ikivujisha nonilifenoli, nayo ikakuza seli hizi hizi. Mimi homoni naihifadhi kwenye kioo.

Estradioli iyeyushe kwenye ethanoli, akiba ya mikromola 10. Mikrolita 1 kwa kila mililita ya midia inakupa nanomola 10, kiasi kinachotosha kabisa kukijaza kipokezi. Kuongeza dozi ni kujitafutia maswali. Kwenye pleti ya kukuzia seli, andaa visima vya aina nne: ethanoli peke yake kwa kiasi kile kile, estradioli, estradioli pamoja na fulvestranti, na fulvestranti peke yake. Fulvestranti ni dawa inayokifanya kipokezi kivunjwe, hivyo athari ikitoweka hapo, umeonyesha kwamba ilipitia kwenye kipokezi. Tamoksifeni, dawa nyingine inayokishika kipokezi hicho, iache kwa jaribio la pili; kwenye titi huzuia, kwenye mji wa mimba huchochea, na kipokezi ni kile kile.

Kwa upande wa jeni, vuna RNA, yaani nakala ambazo jeni iliyowaka hutoa, baada ya saa 24 upime TFF1, GREB1 na PGR, jeni zinazowashwa na estradioli. Jeni ya MYC haingoji: huamka ndani ya saa moja au mbili, kwa hiyo itengee visima vyake. Jeni ya kulinganishia iwe RPLP0, kwa sababu estradioli haiigusi. Kila mzunguko wa PCR, mbinu ya kurudufisha DNA ili ipimike, ni mara mbili, kwa hiyo TFF1 ya estradioli ikitangulia ile ya ethanoli kwa mizunguko 3, imepanda mara 8.

Ukuaji unataka subira. Panda seli chache, zihesabu siku ya sita. MCF-7 hupenda kushikana mafungu, basi zipitishe kwenye pipeti taratibu mpaka zitengane, la sivyo hesabu yako ni ramli. Changanya nusu kwa nusu na buluu ya tripani, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, hesabu miraba minne mikubwa ya pembeni ya kioo cha kuhesabia, tafuta wastani, zidisha kwa 2, kisha kwa 10,000. Wastani wa 35 ni seli 700,000 kwa mililita. Zilizokunywa buluu zimekufa; usizihesabu pamoja na hai.

Na usiniletee grafu bila MDA-MB-231, seli nyingine za saratani ya matiti, pembeni. Hizo hazina kipokezi cha alfa, aina ile tunayoipima hapa. Zikikua haraka kisimani penye estradioli kuliko kwenye ethanoli, kuna kitu kimeharibika kwenye midia au kwenye upandaji wako, na pleti nzima inaenda kwenye pipa la taka hatarishi.