Somo: Siku utafiti wako wa saikolojia ukiitwa redioni

Simu italia ukiwa mezani unakula. "Daktari, una dakika tatu, tuambie mmegundua nini." Usikurupuke. Jiandae hivi mapema.

1. Andika mipaka kabla ya matokeo. Mliwapima nani, wangapi, na athari ilidumu muda gani? Hayo yatangulie. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake walichapisha ripoti ya ukurasa mmoja katika jarida la sayansi la Nature. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, dakika 10, kisha wakapewa maswali ya maumbo: karatasi imekunjwa, imekatwa, je, ikifunguliwa itaonekanaje? Walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya. Baada ya dakika 10 hadi 15 faida ikayeyuka. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Lakini mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa namna hiyo!

2. Mjaribie mtu wa nyumbani. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa. Dada yangu alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamwambia: "Matumizi ya simu usiku yana uhusiano na usingizi mbovu." Nikamwomba anirudishie kwa maneno yake. "Simu inaua usingizi." Sikusema hivyo, ila ndivyo alivyosikia. Nikajaribu tena: "Wanaoshika simu sana usiku ndio haohao wanaolalamikia usingizi. Huenda simu inawakesha; huenda usingizi umewakimbia ndipo wakashika simu." Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Kumbe hamjajua." Naam. Sentensi hiyo ndiyo niliyokwenda nayo studio.

3. Mpe mtangazaji kichwa cha habari. Usipompa, atatunga chake.

Maswali yenu

*Mtangazaji aking'ang'ania niwape wazazi ushauri?*
Sema utafiti wako haukupima hilo, kisha taja ulichopima. Akirudia, nawe rudia. Ukilegea hapo, kesho wewe ndiye "mtaalamu aliyesema".

*Niseme sonona au dipresheni?*
Sema sonona, kisha ifafanue papo hapo: huzuni au kukosa hamu ya mambo, karibu kila siku, wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili nyingine kama usingizi kuvurugika. Ukiiacha tupu, watu watadhani ni majonzi ya kawaida.

*Matokeo ya zamani yakitetereka, hatutaonekana wababaishaji?*
Yaseme wewe kwanza. Jaribio la peremende la Walter Mischel lilianza na watoto wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: mtoto akisubiri bila kula peremende aliyowekewa, anapata ya pili. Waliosubiri zaidi walionekana kufaulu zaidi baadaye. Mwaka 2018 watafiti wengine walichambua takwimu za watoto zaidi ya 900: uhusiano kati ya kusubiri na ufaulu wa baadaye ulikuwa kama nusu tu ya ule wa mwanzo, na ukasinyaa zaidi walipozingatia hali ya familia na uwezo wa mtoto tangu mdogo. Msikilizaji anaelewa hayo vizuri. Mwenye njaa nyumbani hasubiri peremende ya pili.

*Dada alisikiliza kipindi?*
Alisikiliza. Anasema niliongea haraka mno.