Kukata bomba la kaboni la baiskeli nyumbani bila kuharibu mapafu

Wadau wa baiskeli Mwanza, kukata kaboni (nyuzi nyembamba zilizoshikwa na gundi ngumu) sio kazi ngumu, shida ni vumbi lake. Ni vipande vidogo mno vya nyuzi, vinawasha ngozi na macho, na vile vidogo kabisa vinaingia mapafuni, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, tafuta N95 au FFP2, vaa na miwani ya fundi na glavu. Kata nje, asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza, maana ukianza mchana vumbi linaenda kwa jirani na kwenye dagaa alioanika.

Grenda weka kando kabisa, inapasha moto ile gundi inayoshika nyuzi na kurusha vumbi kila mahali. Chukua msumeno wa chuma wa mkono, bledi mpya ya meno 32 kwa inchi. Kikatio cha mabomba cha kuzungusha nacho hapana, kinabana bomba na kulipasua.

Kabla hujakata pima mara mbili, na kwa bomba la siti hapa ndipo wengi wanapotea: ule mstari wa mwisho wa kuingiza (unaoonyesha bomba lazima liingie kwenye fremu angalau hadi wapi) unapimwa kutoka chini, sasa ukikata chini mstari unakudanganya, so andika kwanza ni mm ngapi toka chini hadi kwenye mstari, ukimaliza pima upya na uchore mwingine juu zaidi. Cheki pia kama mtengenezaji anaruhusu kukata, mengine hayaruhusiwi.

Zungushia masking tepu, chora alama juu yake. Vaisi isishike kaboni moja kwa moja, funga kwanza tyubu kuukuu na usikaze sana. Mwagia maji kidogo kidogo kwa chupa ya kupulizia muda wote unaokata, vumbi linageuka tope jeusi, ndio tunachotaka. Usisukume kwa nguvu, acha bledi ifanye kazi, ukikaribia kumaliza geuza bomba umalizie upande wa pili ili nyuzi za mwisho zisichanike.

Lainisha na msasa wa maji namba 400, ukisugua kutoka nje kwenda ndani, likikauka paka supaglu nyembamba pale ulipokata. Ukiona tabaka zimeachana usipande hiyo baiskeli, hata kama ni kidogo.

Tope futa na kitambaa kibichi, usifagie wala kupuliza, vyote tia kwenye mfuko ufunge, usichome. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.