Kufunga taa za ziada za kurudi nyuma kwenye pikapu

Taa za kiwandani za kurudi nyuma kwenye pikapu nyingi huwa na balbu za wati 21, ambazo hufaa zaidi kumjulisha aliye nyuma kwamba gari linarudi kuliko kummulikia dereva njia. Anayerudisha gari usiku ili kulifunga kwenye tela, au kwenye njia nyembamba isiyo na taa, huona kidogo sana kwenye vioo. Taa mbili za LED za wati 18 kila moja, zikifungwa usawa wa bampa, hutosha kuondoa shida hiyo. Kufunga nne au sita ni mapambo zaidi kuliko mahitaji.

Kinachopaswa kueleweka kabla ya kukata waya wowote ni kwamba waya wa taa ya kiwandani haukuwekwa ili kubeba mzigo zaidi ya ule wa balbu zake. Balbu mbili za wati 21 kwenye mfumo wa volti 12 huvuta ampea 3.5, na taa mbili mpya za jumla ya wati 36 huongeza ampea 3 nyingine, yaani karibu mara mbili ya mzigo wa awali, na wote hupitia kwenye swichi ndogo iliyoko kwenye giaboksi. Swichi hiyo inaweza kuvumilia kwa muda, kisha ikaungua, na taa zote za kurudi nyuma zikazimika kwa pamoja. Kwa hiyo waya wa kiwandani utumike kutoa ishara tu, na umeme wa kuwasha taa mpya utoke kwenye betri kupitia fyuzi na rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa.

Rilei ya kawaida ya magari ina miguu yenye namba. Mguu wa 30 hupokea umeme wa betri, mguu wa 87 huupeleka kwenye taa, na miguu ya 85 na 86 ni ya koili inayofunga mguso wa ndani. Ishara ya rivasi iingie kwenye 86 na hasi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, iwe kwenye 85. Mpangilio huu hauna tofauti kwa rilei ya kawaida, lakini rilei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ikigeuzwa nyaya hizo mbili hupitisha umeme moja kwa moja hadi hasi. Mguu wa 87a, kama upo, uachwe bila kuunganishwa, kwa sababu wenyewe huwa na umeme wakati koili haifanyi kazi, na ukitumiwa badala ya 87 taa zitawaka muda wote isipokuwa unaporudi nyuma.

Kutafuta waya wa ishara ndiyo sehemu inayohitaji subira. Weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha ingiza gia ya rivasi. Pima kwa multimita nyuma ya soketi ya taa ya nyuma: waya unaotafutwa utaonyesha takriban volti 12 gia ikiwa ndani na sifuri ikitoka. Usiishie hapo. Washa taa ndogo, kanyaga breki na uwashe indiketa zote mbili huku ukiendelea kupima, kwani pale ambapo hasi ya taa ya nyuma ni mbovu, umeme wa balbu nyingine hujipenyeza kwenye waya huo na kuifanya rilei ilie bila sababu. Kwenye gari ambalo kompyuta yake hukagua balbu kwa kutuma mapigo mafupi ya umeme, ni salama zaidi kuchukua ishara kwenye soketi ya tela kuliko kwenye balbu yenyewe.

Kuhusu mahali pa kuweka rilei, mafundi hawakubaliani. Ikiwekwa nyuma, waya wa ishara huwa mfupi, lakini waya mnene wenye umeme wa betri hupita chini ya gari zima ukiwa hai usiku na mchana. Ikiwekwa mbele karibu na betri, utapitisha nyaya mbili badala ya moja, ila ule mnene utakuwa na umeme pale tu unaporudi nyuma. Ninapendelea mbele, kwa kuwa chini ya boneti ni pakavu zaidi, na waya uliokwaruzwa na jiwe hauwezi kuleta madhara ukiwa hauna umeme.

Tenganisha hasi ya betri kabla ya kuanza kuunganisha. Tumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba kwa umeme wa taa; kwa urefu wa mita 6 na mzigo wa ampea 3, upotevu ndani yake ni takriban volti 0.12, ambao hauonekani kwa macho. Waya wa ishara wa milimita 1 ya mraba unatosha, kwa kuwa koili huvuta sehemu ndogo tu ya ampea moja. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu kabisa na betri, si karibu na taa, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, na kipande chochote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Fyuzi nyingine ya ampea 2 iwekwe pale unapochukulia ishara.

Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki, zifuate chasisi upande usio na ekzosi, na uzifunge kila baada ya sentimita 30 hivi. Kila tundu la bati liwe na mpira wa kuzuia ukingo usikate waya. Karibu na taa, acha waya ulegee kidogo kuelekea chini kabla ya kuingia, ili maji yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani. Taa zenyewe ziwe na kiwango cha IP67 (cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi, maana hupigwa na tope la magurudumu kila siku.

Hasi ndiyo inayoharibu kazi nyingi zilizofanywa vizuri kwingineko. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza tamino ya pete kwa boliti na washa yenye meno, kisha paka grisi au rangi juu yake. Taa zikiwaka, pima kati ya hasi ya taa na hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, kiungo kirudiwe.

Wengine huongeza swichi ya kuwasha taa hizi gari likiwa linakwenda mbele. Kanuni Namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, hairuhusu taa ya kurudi nyuma kuwaka bila gia ya rivasi, na mwanga mweupe kutoka nyuma humchanganya anayekufuata. Swichi ya kuzima, iliyowekwa kwenye waya wa ishara, haina tatizo. Mwisho, elekeza taa chini kidogo, simamisha pikapu mbele ya ukuta ikiwa na mzigo wake wa kawaida na tena ikiwa tupu, kisha kaza boliti upya baada ya safari chache kwenye barabara mbovu.