Kuandika tasnifu ya uzamili wa sera za umma bila kukwama njiani

Wanaokwama kwenye uzamili wa sera za umma, iwe Mlimani, Mzumbe au Nairobi, mara nyingi hawakwami kwenye kozi. Wanafaulu darasani vizuri, wanafika kwenye tasnifu, kisha mwaka unakatika bila andiko la utafiti kupitishwa. Ukifuatilia utakuta tatizo lilianza kwenye mada yenyewe. Chukua hii: "Mchango wa mikopo ya halmashauri katika kuwainua wanawake na vijana." Inasikika vizuri, ila ndani yake hakuna mtu anayetakiwa kuamua chochote, na kwa hiyo hakuna swali.

Tuifanyie kazi mada hiyo hiyo. Kila halmashauri Tanzania Bara inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sharti hilo liliingizwa kwenye sheria mwaka 2018, kanuni zikatoka 2019. Aprili 2023 Serikali ikasitisha utoaji baada ya ukaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuibua kasoro, na mwaka 2024 mikopo ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Humo mna maamuzi mengi: nani achague vikundi, kiasi gani kitolewe, nani afuatilie. Chagua uamuzi mmoja tu. Kwa mfano: je, kikundi kinachotembelewa na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndani ya miezi 3 ya kwanza kinarejesha zaidi ya kisichotembelewa?

Kabla hujaenda kwa msimamizi, jaza sentensi hii: "Jibu likiwa ndiyo, Mkurugenzi wa Halmashauri atafanya ____, likiwa hapana, atafanya ____." Kama nafasi zote mbili zinajazwa na maneno yale yale, badilisha swali.

Halafu soma nyaraka kwa ngazi zake. Sera inatoa mwelekeo, sheria hutungwa na Bunge, kanuni husainiwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, mwongozo na waraka vinaeleza utekelezaji. Mtahini akikuta umeandika "sera inaitaka halmashauri" mahali ambapo ni kifungu cha sheria kinachoilazimisha, ataanza kutilia shaka na mengine. Angalia pia asilimia 10 inapigwa kwenye mapato yapi. Kuna vyanzo lindwa, yaani fedha zenye matumizi yake maalumu, ambavyo huondolewa kwanza. Ukichukua jumla ya mapato yote ya ndani ukaigawa kwa 10, utaituhumu halmashauri kwamba haikutenga fedha za kutosha, kumbe kosa ni la hesabu yako.

Vibali vinakula muda kuliko watu wanavyodhani. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inafika kwa Mkurugenzi, ndipo unapata barua ya kwenda kwa watendaji wa kata. Ipeleke kwa mkono, hakikisha imesajiliwa masijala, na uandike namba ya kumbukumbu kwenye daftari lako, maana ukirudi bila namba utaambiwa barua haionekani. Tenga wiki 6 kwa hatua hii. Epuka Juni: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na mweka hazina hana muda na wewe. Kwa walioko Kenya, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kitangulie kabla hujaenda kaunti.

Sasa sampuli, na hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika kimyakimya. Ukifika halmashauri, afisa atakupeleka kwa ukarimu kabisa kwenye vikundi vinavyofanya vizuri: washonaji wenye cherehani 6, wafuga kuku wenye banda jipya. Vilivyosambaratika hutavisikia. Ukihoji hivyo tu, utahitimisha kwamba mikopo inafanya kazi, na data yako isingeweza kusema kitu kingine. Omba orodha yote ya waliokopeshwa tangu 2019/20, piga kura ya bahati nasibu, kisha vitafute vilivyotoka kwenye kura hata kama vimekufa. Mwenyekiti wa mtaa kwa kawaida anajua mweka hazina wa zamani anakaa wapi.

Kisha kuna fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ambayo imekuwa kama sala ya kufungulia sura ya 3, ile ya mbinu za utafiti. Wanachama 400, kosa la 0.05: 400 unagawa kwa 1 + (400 × 0.0025), unapata 200. Hesabu ni sahihi, lakini inadhani kila mtu amechaguliwa peke yake. Wewe umechukua vikundi 20, watu 10 kila kimoja, na wanakikundi hukopa pamoja na kurejesha pamoja. Majibu yao yakifanana kwa kiwango cha 0.3 tu (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), athari ya kuchukua watu kwa vikundi ni 1 + (9 × 0.3) = 3.7, ambayo unaigawia sampuli yako, na wale 200 wanabaki na uzito wa watu 54. Kwa swali letu la marejesho, kipimo kiwe kikundi chenyewe. Ni afadhali vikundi 60 kwa kuhoji watu 2 kila kimoja kuliko vikundi 20 kwa kuhoji watu 10.

Jihadhari pia na barabara. Kikundi kilicho karibu na ofisi ya kata hutembelewa zaidi, na hicho hicho ndicho kilicho karibu na soko. Andika umbali wa kila kikundi na ulinganishe vilivyo ndani ya kata moja, la sivyo utaipa ziara ya afisa sifa ya barabara.

Sura ya mwisho isiishie kwenye "elimu itolewe kwa wananchi." Kila pendekezo liseme nani atalitekeleza, kwa mamlaka gani, kwa fedha zipi na kabla ya lini, kisha ulifupishe kwenye dokezo la kurasa 2 ambalo Mkurugenzi anaweza kulisoma akisubiri kikao. Weka hesabu waziwazi. Tuseme unapendekeza afisa wa kila kata avitembelee vikundi kwa pikipiki: kata 12, lita 20 za petroli kwa kila pikipiki kwa mwezi, lita moja shilingi 3,000, jumla ni 720,000 kwa mwezi, 8,640,000 kwa mwaka. Kama halmashauri inakopesha milioni 200, marejesho yakipanda kutoka asilimia 60 hadi 65 tu, zinarudi milioni 10 zaidi. Dokezo hilo lifike kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijapita kwenye baraza la madiwani.