SOMO: Kutengeneza kimiminika cha ioni na kukitumia kupata esta yenye harufu ya ndizi

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza jambo hili, kwa hiyo naandika mara moja tu. Ukiuliza tena nakurudisha hapa.

Kimiminika cha ioni ni chumvi ambayo yenyewe ni majimaji chini ya nyuzi 100. Usichanganye na chumvi iliyokorogwa kwenye maji. Yetu ni methilimidazoliamu hidrojeni salfeti. Kwa kuwa ina asidi ndani yake, inakuwa kichocheo na kiyeyushi kwa pamoja. Esta ni kile kinachozaliwa pombe na asidi zikiungana, na maji hutoka pembeni.

1. Glovu, miwani, kabati la kuvutia moshi. Sirudii.

2. Gramu 8.2 za 1-methilimidazoli (moli 0.1; moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) kwenye chupa ya duara, maji ml 5, sumaku ya kukorogea, barafu nje.

3. Asidi ya sulfuriki ya 98%, ml 5.4, tone kwa tone kwa muda wa saa nzima, joto lisizidi nyuzi 10.

Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza sikuweka maji kabisa, nikijiona mjanja: ya nini kuweka kitu utakachokuja kukitoa? Mchanganyiko ukawa mzito kama asali ya baridi, sumaku ikakwama, nami nikaendelea kudondosha. Kipimajoto kilitulia kwenye nyuzi 6, nikadhani mambo shwari. Kumbe asidi ilikuwa imejilundika mahali pamoja bila kumenyuka. Nilipotoa chupa kwenye barafu na kuitikisa, yote ilimenyuka kwa mkupuo mmoja, ikafoka hadi kwenye miwani yangu. Iliyobaki ilikuwa ya kahawia, haifai. SUMAKU IKISIMAMA, NA MKONO WAKO USIMAME. Wala usizidishe asidi ili "ishike vizuri": ikizidi, itakayochochea ni asidi tupu, nawe utakisifia kimiminika bure.

4. Toa maji kwa rotavepa (mashine inayozungusha chupa na kuvukiza kwa kufyonza hewa), nyuzi 70, mpaka uzito ugome kushuka. Tarajia gramu 18. Ukipata 19, hiyo moja ni maji.

5. Gramu 9 za kimiminika, 8.8 za pombe ya isoamili, 6.0 za asidi ya asetiki. Kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi chini) juu, nyuzi 90, saa tatu, koroga kwa nguvu.

6. Ikipoa utaona tabaka mbili. La juu ni esta. Lioshe kwa sodiamu baikaboneti, na ufungue faneli ya kutenganishia mara kwa mara gesi itoke.

MASWALI

kijana_wa_lab: Mkuu naweza kutumia asidi ya betri?

Mwandishi: Hapana. Imejaa maji.

mama_titresheni: Samahani mwalimu, si wewe mwenyewe umeweka maji hatua ya 2 ukayatoa hatua ya 4?

Mwandishi: Nimeweka kiasi ninachokijua, dada. Lakini umenishika. Tatizo si maji, ni kutojua asidi ni kiasi gani. @kijana_wa_lab, ikiwa mpya, titresheni kwanza (idondoshee besi unayoijua nguvu yake, ujue asidi ni kiasi gani), kisha pima kwa moli. Ya betri kuukuu usiiguse, ina madini ya risasi.

chapchap255: Nimefanya dakika tano imekuwa kahawia, shida nini?

Mwandishi: Soma hatua ya 3.

chapchap255: Nimesoma.

Mwandishi: Saa nzima na dakika tano ni sawa?

mdadisi_kemia: Shikamoo mwalimu. Kwa asidi ya kawaida mmenyuko huu hugota kwenye thuluthi mbili hivi. Kimiminika hiki kinauvushaje hapo?

Mwandishi: Marahaba, swali zuri. Kichocheo hakigusi msawazo (pale mmenyuko wa kwenda na wa kurudi unapolingana), kinakufikisha haraka tu. Siri iko kwenye tabaka. Msawazo wa esta hii una thamani karibu na 4, ndiyo maana moli sawa kwa sawa huishia thuluthi mbili. Hapa maji yanayozaliwa hubaki chini kwenye kimiminika, esta hupanda juu. Vilivyotenganishwa havirudiani kirahisi. Ndiyo maana pia hatua ya 4 ni muhimu: kimiminika kilichokwisha shiba maji hakimezi mengine.

Na si mchezo wa maabara tu. BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, walianza mwaka 2002 kutumia methilimidazoli kuzoa asidi ya hidrokloriki kiwandani. Chumvi inayopatikana huyeyuka kwenye nyuzi 75 hivi, ikajitenga kama tabaka. Kabla ya hapo walikuwa wanapambana na uji mzito wa chumvi ngumu.

mama_titresheni: Tabaka la chini tunamwaga?

Mwandishi: Usimwage! Rudi hatua ya 4, likaushe, litumie tena. Tena vyombo vyake osha kwa maji ya uvuguvugu, asetoni ya nini?

mzinga_wa_juu: Chuoni kwetu maabara imepakana na mizinga ya nyuki. Neno lolote?

Mwandishi: Funga madirisha. Harufu hiyo ya ndizi ndiyo nyuki huitoa anapouma, kuwaita wenzake waje kushambulia.

mzinga_wa_juu: Aisee. Kumbe ile Alhamisi...